Amosi Alifunguliwa Mlango

Nyinyi mnaobaki studio mmeniomba niwaandikie nilichojifunza katika miaka yangu ya kutunga na kutayarisha mchezo wa mapenzi wa redio hapa Dodoma. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo walipewa waliovitafuta, na mshahara mnaujua. Shida ni hilo la kujifunza. Kadiri nilivyoyaandika mapenzi ndivyo yalivyozidi kunichanganya, na nimeondoka kazini na maswali mengi kuliko niliyokuja nayo. Kwa hiyo nitasimulia tu yaliyotokea, na atakayeyaelewa kabla yangu anijulishe.

Siku ya kwanza nilikuja na kalamu mbili mfukoni nikidhani nimeajiriwa kuandika. Mzee Lameki, aliyekuwa mkuu wa michezo ya redio, alinitazama, akanipa karai na bakuli la ulezi. Kazi yangu ilikuwa mvua. Ukiumimina ulezi kwenye karai polepole, karibu na maiki, msikilizaji anasikia manyunyu. Ukiumwaga wote, anakwenda kuanua nguo. "Wewe, hiyo ni mvua ya Dodoma au ya Bukoba?" Mzee Lameki alinifokea. "Punguza! Watu watakwenda kupanda." Nilidhani ananitania. Baadaye niliambiwa kwamba aliwahi kumpokea mkulima kutoka Chamwino aliyekuja kuuliza ile mvua ya kwenye mchezo ilinyesha upande gani.

Kifaa kingine kilikuwa mlango. Mnaujua, bado upo kwenye kona ya studio: fremu ya mninga, mlango wake, komeo na bawaba inayolia, umesimama peke yake, hauingii popote wala hautoki popote. Wapendanao wote wa mchezo wetu walipita pale. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua na kufunga, karai likiwa kwapani.

Na mapenzi yenyewe? Mzee Lameki alikuwa mzee wa kanisa, na busu hakulitaka hewani. Alikuwa na kanuni yake: wawili wakianza kupendana, mmoja aangushe kikombe. Tulikuwa na kikombe cha bati. Nakiangusha sakafuni, kinafuata kimya kidogo, halafu muziki, na msikilizaji ameshaelewa. Kanuni hiyo ilitufaa sana, mpaka siku moja akaja mama mmoja wa Ipagala amefura kwa hasira. "Binti yangu ana mchumba," alisema. "Kila mchumba akikanyaga sebuleni, binti anaangusha kikombe. Nyinyi vyenu ni vya bati. Vyangu ni vya udongo!"

Tulimwomba radhi, akaondoka akinung'unika. Nikamuuliza Mzee Lameki kanuni ile aliitoa wapi. Akasema aliona kwa shemeji yake, siku walipokuja kumposa. "Na shemeji yako aliona wapi?" nikauliza. Akaniambia nikalete ulezi. Mpaka anastaafu na kurudi kwao Mpwapwa hakuwa amenijibu. Nami nikabaki sijui kama yule binti wa Ipagala alikuwa anaiga au alikuwa anapenda. Pengine hata yeye hakujua.

Baadaye nikapewa kalamu. Mwigizaji wangu mkuu alikuwa Mwajuma, mtoto wa mjini, ambaye mume wake ana duka la vitenge. Aliigiza Rehema, na mpenzi wa Rehema, Amosi, aliigizwa na Sefu. Mwajuma na Sefu hawakuivana hata kidogo. Walisalimiana kwa kumwogopa Mungu tu. Lakini maiki ikiwashwa, jamani, utadhani wamezaliwa kupendana. Sokoni watu walimwita Mwajuma mke wa Amosi mbele ya mume wake wa halali. Mteja mmoja akamuuliza yule mume, "Na wewe kwake ni nani?" Akajibu huku anakunja kitenge, "Mimi ni wa siku zisizo na kipindi."

Kuna jambo moja la kiufundi nataka mlishike, maana ndilo lililotuponza. Redioni, mwanaume asiyesema hayupo. Kwenye filamu anaweza kukaa kimya ukaona machozi yake. Redioni akinyamaza, msikilizaji anadhani betri zimekwisha. Basi Amosi wetu ilibidi aseme. Alisema akiamka, alisema akila, na akimpokea Rehema ndoo ya maji alieleza kwa nini anaipokea. Nilimwandika hivyo kwa sababu ya redio, si kwa sababu niliwahi kumwona mwanaume wa namna hiyo. Mimi mwenyewe nyumbani si msemaji. Mke wangu Foibe alisikiliza kila kipindi, redio ikiwa dirishani jikoni, na hakuwahi kunipa maoni yoyote.

Hadithi nyingi tulizipata dukani kwa Mwajuma, kwa kuwa wanawake wakichagua vitenge husema mengi. Miaka michache iliyopita akatuletea moja. Mwanamke wa Buigiri aliyeolewa Chamwino amerudi kwao. Mumewe hampigi, halewi, hana mwingine. Kosa lake ni kimya. Mke aliugua akalazwa. Mume akaja hospitali kila siku na uji, akauweka, akakaa, akaondoka bila neno. Wodi nzima ilimsifu. Mke alipopona akawaambia nduguze, "Nimeolewa na kimya," akafunga mzigo. Mwajuma alisimuliwa hayo na dada wa huyo mwanamke, mteja wa pale dukani.

Tukaichukua. Tulibadilisha majina na mahali, kama ilivyo desturi ya kazi. Amosi na Rehema sasa wameoana, Amosi amechoka, maneno yamemwishia, na Rehema amerudi kwa baba yake. Wasikilizaji walipagawa. Meseji zilijaa kwenye simu ya kituo. Ila sisi wenyewe hatukujua mbele kuna nini, kwa sababu huko Buigiri hakuna kilichokuwa kimetokea. Kila Mwajuma alipoingia studio tulimdaka: "Amemfuata?" "Bado." Basi tunaandika kipindi kingine ambamo Rehema anapepeta mtama.

Ndipo asubuhi moja mlinzi akaniita. Pale mapokezi alikuwa amekaa mwanamke kijana aliyejifunga kanga, miguu ina vumbi la safari.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Wewe ndiye unayeamua kama Amosi atakuja?"

"Ndiye mimi."

"Naomba uniambie. Sitamwambia mtu."

Nikamweleza kwa upole kwamba habari za mbele hatuzitoi, maana wengi huja kuuliza. Akatikisa kichwa.

"Mimi Amosi sina haja naye, baba. Wangu anaitwa Daudi. Yuko Chamwino, na wifi yangu ameniambia kila kipindi anasikiliza. Hajui afanye nini. Anasubiri Amosi afanye, na yeye ndipo afanye."

Nikamuuliza jina lake. Yunisi. Kwao wapi? Buigiri. Nikavuta kiti nikakaa.

Hebu litazameni jambo hilo. Yunisi yuko kwao, anatusubiri sisi. Daudi yuko Chamwino, anatusubiri sisi. Na sisi, watu wazima wenye ofisi na feni, tulikuwa tumekaa tunawasubiri wao. Kichwa kilinizunguka. Nilitaka kumuuliza mtu nani ameanza, lakini Mzee Lameki alikuwa Mpwapwa na kuku wake.

"Lakini mwanangu," nikasema, "mumeo alikuletea uji kila siku."

"Aliniletea."

"Si ndiyo mapenzi hayo?"

"Mbona Amosi alikuwa anasema?" Machozi yakaanza kumtoka. "Nyinyi ndio mlionifundisha kwamba mwanaume anasema. Kwetu sikuwahi kumsikia baba akimwambia mama kitu, nikadhani ndivyo dunia ilivyo. Nikawasikiliza nyinyi, nikajua kumbe kuna wanaoambiwa. Nimelala hospitali nasubiri neno moja tu, baba. Moja. Leo na wewe unaniambia uji?"

Ningeanzaje kumwambia kwamba Amosi husema kwa sababu ya betri? Nikamuuliza, ili tu asilie, ameacha nini kwa mumewe. "Kuku wangu," alisema akijifuta kwa pindo la kanga. "Watakuwa wameshaliwa wote." Nikamsindikiza mpaka getini, nikarudi ndani sijui niandike nini.

Kwetu huku mke akirudi kwao, mume hamfuati peke yake. Anatafuta mshenga, mtu mzima anayejua kusema, wanaongozana, na mshenga ndiye anayezungumza na wakwe. Mume anainamisha kichwa. Kila mtu studio alilijua hilo. Lakini maiki zilizokuwa nzima zilikuwa mbili tu. Ukweni pale tayari kuna Amosi, Rehema na baba yake. Ukimwongeza mshenga, watu wanasukumana na msikilizaji hajui nani anasema. Nanyi vijana mkasema kwamba kwenye tamthilia za kwenye simu mwanaume huja mwenyewe, mbio, amelowa. Basi nikaandika aje mwenyewe. Nikamwagia karai ulezi wote. Amosi akagonga, akasema maneno ambayo hata Mwajuma alisahau kwamba yanatoka kwa Sefu, na mimi nikafungua mlango.

Haikupita wiki akaja mwanaume mrefu mwenye viganja vya jembe. Alisalimia, akakaa, akatazama sakafu. Nilisubiri aseme shida yake mpaka nikaanza kutapatapa kitini, na hapo nikamwelewa Yunisi kidogo.

"Nilikwenda," alisema hatimaye.

"Wapi?"

"Ukweni. Kama Amosi."

"Peke yako?"

"Si alikwenda peke yake?"

Alikuwa ameyashika kichwani maneno yote ya Amosi. Yalimwishia njiani. Baba mkwe alimkuta amesimama uani akamuuliza, "Aliyekuleta yuko wapi?" Hakuwa na wa kumtaja. Mzee akamwambia kwamba anayeingia ua wa mtu bila mwenzake huwa amekuja kuiba ng'ombe, arudi alikotoka; na kama atawadharau tena hivyo, ng'ombe wa mahari watarudishwa na ndoa itakuwa imekwisha. Mlango ukafungwa. Yunisi alikuwa ndani na alisikia yote.

"Daudi," nikamwambia, "Amosi ni mtu wa kutungwa."

"Najua, mzee. Lakini yeye alifunguliwa mlango."

Nilitamani kumwambia nani alikuwa ameshika komeo. Badala yake nikamuuliza anataka niandike nini sasa.

"Usiandike. Twende," alisema. "Wewe ndiye mwenye maneno. Uwe mshenga wangu."

Hilo halikuwa kwenye mkataba wangu wa kazi. Foibe alininyooshea shati, na nilipomweleza ninakokwenda akasema, "Nenda ukaseme vizuri," basi.

Tulikwenda Buigiri na sukari pamoja na mgolole mpya, shuka la kujitanda, kwa ajili ya mzee. Mzee Chilewa, baba yake Yunisi, akatupokea kwa "Mbukwenyi," salamu ya Kigogo, tukaitikia, akatupatia vigoda. Yunisi na mama yake wakakaa mkekani, upande wa pili wa ua. Nikakohoa nikaanza. Nilisema vizuri, msidhani najisifu, ilikuwa kazi yangu. Nilieleza uchungu wa kijana, nyumba iliyopoa, mafiga yasiyoona moto, kiti kimoja kinachotazamana na kiti kitupu. Mama mkwe alikuwa ameshaanza kusikitika nilipomwona Yunisi ameinua mkono.

"Baba, samahani. Hayo nayajua. Yalikuwa kwenye kipindi cha Amosi."

Na kweli yalikuwa. Mengine sikuwa nayo.

Mzee Chilewa akanikazia macho. "Kumbe ndiye wewe? Wa ile mvua ya uongo?" Kumbe naye husikiliza. Akamgeukia binti yake. "Mwanangu, mshenga amesema. Unataka nini tena?"

"Nataka aseme mwenyewe."

"Mume hasemi mbele ya wakwe. Unajua hilo."

"Najua, baba. Basi nitakaa hapa."

Hapo nikaona ndoa ya watu inakufa mikononi mwangu. Mzee akikubali amevunja heshima ya ua wake, akikataa Yunisi haondoki, na Daudi alikuwa ameinama kabisa, jasho linamdondoka puani. Mzee Chilewa akaupapasa ule mgolole mapajani mwake. Kisha akasema, "Mshenga, geuka utazame ng'ombe wangu." Nikageuka. Na yeye akageuka. Akamwita na mke wake, naye akageuka. Tukawa watu wazima watatu tumeyapa mgongo mazungumzo, tunatazama zizi ambalo ng'ombe wake walikuwa wameshatoka kwenda malishoni.

Nyuma yetu kukawa kimya, kimya ambacho redioni kingenifukuzisha kazi. Nilitaka kumnong'oneza neno. Sikuthubutu.

"Yunisi," Daudi alisema. Alimeza mate, nikasikia. "Kuku wako wametaga."

Nikafumba macho. Nikajua tumekwisha.

"Mayai sijala. Yule mwekundu nimemwacha alalie, ana vifaranga. Kicheche alikuja, nikawajengea banda jingine. Nimeliweka chini ya dirisha la upande unaolala. Ukiwa ndani utakuwa unawasikia."

Halafu nikasikia kanga inakung'utwa, mtu anasimama mkekani.

"Mama," Yunisi alisema, "lile begi langu liko wapi?"

Nililia, sioni haya kulisema. Mzee Chilewa alijifanya haoni, akanionyesha kwa kidole ng'ombe ambaye hakuwepo. Nilirudi mjini nikiwa na furaha hata sikuweza kula, na pia sikuelewa nilichokisikia. Maneno yale hayana utamu wowote. Yasomeni tena muone.

Nikasema sasa ukweli ninao, wacha niuweke hewani. Kipindi kilichofuata nikamwandikia Amosi habari ya kuku, mayai na kicheche. Sefu alikataa kuisoma, akasema ataharibiwa jina, nikambembeleza akasoma. Meseji zilianza kabla muziki wa mwisho haujaisha. "Mwanaume gani anambembeleza mke kwa mayai?" "Amosi amerogwa." "Mwandishi amechoka, apumzishwe." Hiyo ya mwisho mkuu wangu aliisoma mara mbili. Kisha simu yangu ikaita.

"Shikamoo baba. Ni Yunisi."

"Marahaba mwanangu. Mmesikia kipindi?"

"Tumesikia wote. Baba, ile ya mayai ungeiacha."

"Si ndivyo ilivyokuwa?"

"Ya kweli ninayo hapa nyumbani, baba. Redioni nilitaka aseme." Akacheka. "Hata Daudi amekasirika. Anasema huyu Amosi siku hizi ana nini, mbona hajui kuongea na mke wake?"

Nikamrudishia Amosi maneno yake, wasikilizaji wakatulia, na akaendelea kusema mpaka siku niliyokabidhi funguo. Kama Yunisi alirudi kwa sababu ya redio au licha ya redio, sijui. Kama bila Amosi angeishi na kile kimya akaridhika, au kingemuua taratibu, hilo nalo sijui, na nimelifikiria mara nyingi.

Tangu nistaafu niko nyumbani mchana kutwa. Juzi nilimsimulia Foibe kisa hiki chote, mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alikuwa anachambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kama alivyovisikiliza vipindi vyangu vyote. Halafu akauliza, bila kuinua macho kwenye ungo:

"Na mimi mayai yangu ni yapi?"

Nilifungua mdomo. Yalinijia maneno ya Amosi, moja baada ya jingine, na yote alikuwa ameshayasikia. Sisi hatufugi kuku. Nikasema ngoja niwaandikie kwanza vijana wa studio, nikaingia humu chumbani. Yeye bado yuko jikoni. Redio ameizima. Anasubiri nimjibu, na safari hii mimi sina wa kumsubiri.